Nani anastahili nyongeza? Kupanga hifadhidata ya maajenti hatua kwa hatua

Katika kampuni nyingi za hapa Lubumbashi, hasa zile zinazochukua kazi kwenye migodi, habari za nyongeza ya mshahara ya maajenti (wafanyakazi) hukaa kwenye faili ya Excel yenye safu moja: "anastahili, ndiyo au hapana". Safu hiyo ifute. Hapana ya Machi huwa ndiyo mwezi wa Juni bila mtu yeyote kuigusa faili. Tunachohifadhi ni matukio na tarehe zake. Kustahili kutapigiwa hesabu siku kunapohitajika. Hapa natumia PostgreSQL, programu ya hifadhidata.

Hatua ya 1: Masharti kwenye karatasi. Mkalishe mkuu wa wafanyakazi pamoja na delege wa sindika (mjumbe wa chama cha wafanyakazi) kabla hujafungua kompyuta. Tuseme wamekubaliana hivi: miezi 12 tangu nyongeza ya mwisho, tathmini isiyopungua "nzuri", na kutosimamishwa kazi kwa utovu wa nidhamu ndani ya miezi 6. Wakibishana, wabishane hapo.

Hatua ya 2: Jedwali la ajenti. Ufunguo, yaani kinachomtofautisha kila mtu, uwe matrikule (namba yake ya kazi), kamwe usiwe jina. Kwetu mtu ana jina, postinomu (jina la pili) na prenomu (jina la kwanza), na kila karatasi huyapanga inavyotaka. Kina Ilunga Kasongo unaweza kuwa nao watatu kwenye timu moja. Weka safu tatu za majina, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka. Kategoria (manevri yaani vibarua, metrizi yaani wasimamizi, kada yaani wakubwa) ziende jedwali lake lenye tarehe, maana watu hupanda.

Hatua ya 3: Jedwali la mishahara. Kazi yenyewe iko hapa. Mshahara ukibadilika, usiandike juu ya ule wa zamani. Ongeza mstari mpya wenye matrikule, kiasi, sarafu, tarehe_kuanza, sababu na inahesabika (je, badiliko hili linaanzisha upya hesabu ya miezi 12?). Kontrati ikiwa ya dola, andika dola, hata kama watu wanalipwa faranga. Kiwango cha kubadilishia pesa ni mambo ya karatasi ya malipo.

Safu ya inahesabika wengi huiacha, kisha wanagombana. Mwaka 2025 SMIG, mshahara wa chini kabisa unaowekwa na serikali, ilitoka faranga 7.075 kwa siku, kiwango cha 2018, ikafika 14.500. Ajenti aliyepandishwa kwa sababu hiyo hakupewa zawadi na kampuni. Sheria ndiyo iliyomfikisha hapo. Je, miezi yake 12 ianze upya? Mimi naona hapana, lakini jibu ni la wale wa hatua ya 1. Wakisema hapana, mstari wa SMIG uwe "false" (hapana). Mshahara wa kuingia kazini uwe "true" (ndiyo), ndipo na ajenti mpya aanze kuhesabiwa.

Hatua ya 4: Tathmini na adhabu. Majedwali mawili mafupi: matrikule, tarehe, matokeo. Adhabu iliyofutwa baada ya rufaa usiiondoe, ipe tarehe_kufutwa.

Hatua ya 5: Swali la kuiuliza hifadhidata. Anza na sharti la muda:

```
SELECT a.matrikule
FROM ajenti a
JOIN mishahara m ON m.matrikule = a.matrikule
WHERE m.inahesabika AND a.tarehe_kutoka IS NULL
GROUP BY a.matrikule
HAVING MAX(m.tarehe_kuanza)
  <= DATE '2026-01-01' - INTERVAL '12 months';
```

Tarehe nimeiandika kwa mkono makusudi. Ukiweka tarehe ya leo, orodha ya Januari hutaipata tena mwezi wa Aprili inspekta wa kazi atakapoiuliza. Angalia pia mpangilio: sisi huandika siku kwanza, na 03/04 ikiingizwa vibaya inakuwa Machi badala ya Aprili, bila kosa lolote kuonekana.

Hatua ya 6: Waonyeshe na waliokosa. Swali la hapo juu hutoa waliotimiza muda tu. Kwa orodha kamili, toa HAVING na usiwachuje watu kwa sharti lolote. Tengeneza safu moja kwa kila sharti, yenye ndiyo au hapana, na nyingine ya tarehe ambayo miezi 12 itatimia. Ajenti akija ofisini kuuliza, karani anamsomea mstari wake: tathmini sawa, nidhamu sawa, muda bado hadi tarehe 1 Juni.