Somo: Kupiga picha ndani ya misikiti, makanisa na majumba ya kale ya Mombasa

Hamjambo wanachama. Wengi wenu mna picha nzuri za milango ya Mji wa Kale, lakini za ndani zinatoka kiza kitupu na madirisha meupe pepepe. Tulishughulikie leo.

Hatua ya 1: Ruhusa. Msikiti wa Mandhry unatajwa kuwa wa mwaka 1570 na hadi leo unasaliwa, kwa hiyo usiuingie kama makumbusho. Piga hodi kwa imamu au kamati, si kwa kijana uliyemkuta akitawadha, ueleze picha ni za nini na zitawekwa wapi. Nenda baada ya adhuhuri watu wakishatawanyika, utoke kabla ya alasiri. Ijumaa iache kabisa. Kanisani subiri misa iishe, na altareni usipande. Kwenye hekalu la Wajaini (waumini wa dini yenye asili ya India), vitu vya ngozi hubaki nje, na mkanda wa kamera nao ukiwa wa ngozi uvue, wengi huusahau. Fort Jesus iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Kama picha ni za biashara, ulizia kibali mapema.

Hatua ya 2: Ukitoka kwenye gari lenye eisi (kiyoyozi), lenzi itaingia ukungu papo hapo kwa unyevu wetu wa pwani. Iache kamera mkobani kama dakika 20 izoee joto.

Hatua ya 3: Zima flashi. Mwanga wa dirishani unaopita ukutani kwa ubavu ndio unaoonyesha alama za mwiko kwenye chokaa na vitundu vya matumbawe pale lipu ilipobanduka. Flashi hulilaza lote hilo likawa kama karatasi, na isitoshe inamsumbua aliyekuja kuomba.

Hatua ya 4: Kamera kwenye stendi, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, na taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Usiiinamishe wala kuiinua: ukielekeza lenzi juu, nguzo zote zinaegemeana. Ni afadhali urudi nyuma, upige sakafu nyingi, kisha uikate baadaye.

Hatua ya 5: Hapa ndipo penye kazi. Kuta zetu ni nene, madirisha madogo, na jua la nje kali, hivyo picha moja haiwezi kubeba vyote. Piga tatu bila kugusa stendi: ya kawaida, ya stopu 2 chini, ya stopu 2 juu (kila stopu hupunguza mwanga nusu au kuuongeza maradufu). Ziunganishe kwenye programu, lakini kwa kiasi. Chumba cha kale kina haki ya kubaki na kiza chake. Ukiangaza kila pembe unadanganya watu.

Hatua ya 6: Omba taa zizimwe ikiwezekana, maana taa ya njano ikichanganyika na mwanga wa jua, ukuta mmoja unakuwa na rangi mbili. Hifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata.

MASWALI

Mwalimu, mimi nina simu tu. Yafaa?
Yafaa sana. Gusa dirisha kwenye skrini, shusha mwanga kidogo, egemeza simu kwenye nguzo, tumia taima. Ile lenzi pana kabisa iepuke, inapinda kuta.

Wakikataza stendi je?
Egemea ukuta, ISO 1600 au 3200, f/4, shata (muda wa kuingiza mwanga) 1/30 ya sekunde, upige kadhaa mfululizo. Kwa boriti za dari, laza kamera chali sakafuni juu ya kitambaa.

Mimi ni mwanamke. Nitaruhusiwa msikitini?
Dada yangu, inategemea msikiti. Iulize kamati kabla ya kufunga safari, na uende umejistiri. Misikiti mingine ina sehemu ya wanawake.

Na mtu akiwa anasali mbele yangu?
Shusha kamera, kaa pembeni. Akishatoa salamu, mwombe. Akikataa, msubiri aondoke ndipo upige.