Umenyimwa zabuni? Lalamika kabla siku tano hazijaisha

Mwaka 2019 nilikosa kazi ya barabara ya changarawe katika halmashauri moja huku Nyanda za Juu Kusini. Sikuikosa kwa bei. Barua ilisema sina greda. Greda lilikuwepo, la kukodi kutoka Makambako. Mkataba wa kukodi niliuambatisha, na nyaraka za zabuni zilisema mtambo unaweza kuwa wa kumiliki au wa kukodi. Nikafanya kile ambacho wengi wetu hufanya: nikaenda ofisini kuonana na mtu. Nikaambiwa njoo kesho. Kesho yake mhusika yuko kikaoni, keshokutwa kasafiri. Nilipokuja kuketi kuandika, zile siku saba za kazi za sheria ya wakati ule zilikuwa zimepita, na malalamiko yangu yakakataliwa kwa mstari mmoja tu: umechelewa.

Kwa hiyo lishike hili kabla ya yote: kuongea na mtu ofisini hakusimamishi siku. Kinachosimamisha mchakato ni malalamiko ya maandishi, yaliyowasilishwa kwa mtu sahihi, ndani ya muda. Na muda wenyewe umepungua. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Tanzania, Na. 10 ya mwaka 2023, una siku tano za kazi.

Hatua ya kwanza: hakikisha notisi inakufikia wewe

Kabla mkataba haujasainiwa, taasisi nunuzi, yaani ofisi ya umma iliyotangaza zabuni, lazima iwatumie wazabuni wote notisi ya kusudio la kutoa tuzo, yaani taarifa ya nani inakusudia kumpa kazi. Humo utakuta jina la aliyeshinda, bei yake, muda wa kutekeleza kazi, na sababu za wewe kukosa. Siku hizi inakuja kupitia NeST, mfumo wa serikali wa kufanya ununuzi wa umma kwa mtandao.

Hapa ndipo wadogo wanapoumia. Nimekutana na mama mmoja mwenye kampuni ya usafi, Mwanjelwa, ambaye akaunti yake ya NeST ilifunguliwa na kijana wa steshenari kwa barua pepe ya huyo kijana. Notisi ilikaa kwenye simu ya mtu mwingine wiki nzima. Kama yako ilifunguliwa hivyo, badilisha barua pepe na namba ya simu leo, hata kama huna zabuni yoyote inayoendelea. Halafu, ukishaomba zabuni, ingia kwenye mfumo kila asubuhi.

Hatua ya pili: hesabu siku kwa kalenda

Siku uliyopokea notisi haihesabiwi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Tuseme notisi iliingia Jumanne, tarehe 5 Agosti 2025. Jumatano ni ya kwanza, Alhamisi ya pili. Ijumaa tarehe 8 ni Nanenane, sikukuu ya wakulima, watu wako viwanja vya maonyesho vya John Mwakangale, Mbeya, hiyo iruke. Jumatatu tarehe 11 ni ya tatu, Jumanne ya nne, na Jumatano tarehe 13 ndiyo ya mwisho. Mimi nalenga siku ya tatu. Umeme ukikatika au mtandao ukisumbua siku ya tano, utajilaumu mwenyewe.

Hatua ya tatu: tafuta kosa ndani ya nyaraka, si moyoni

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Chukua kaunta buku, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nakili kigezo neno kwa neno kama kilivyo kwenye nyaraka za zabuni, na namba ya kipengele. Kulia andika ulichowasilisha na mahali kilipo katika zabuni yako. Chini yake nakili sababu waliyokupa. Kamati ya tathmini inapaswa kupima kwa vigezo vilivyotangazwa, basi. Haiongezi kigezo njiani, wala haimsamehe mmoja kile ilichomkatia mwingine.

Ukimaliza ukurasa huo, utajua mwenyewe kama una hoja. Wamekukata kwa kukosa hati ya uwakilishi wa kisheria na kweli hukuiweka? Huna hoja, funga daftari, jiandae kwa zabuni nyingine. “Bei yangu ilikuwa ya chini” peke yake haitoshi, kwa sababu bei hulinganishwa kati ya waliokidhi vigezo. “Kila mtu anajua mshindi ni ndugu wa fulani” nayo haibebi kitu bila ushahidi. Ukiiandika, itaifunika hata hoja yako nzuri.

Na kama tatizo ni kigezo chenyewe, tuseme kimeandikwa kumfaa mtu mmoja, usisubiri matokeo. Siku zinaanza kuhesabiwa tangu ulipojua au ulipopaswa kujua. Anayesoma kigezo kibovu, akanyamaza, akaomba, akakosa, ndipo akalalamikia kigezo, anakuwa amechelewa.

Hatua ya nne: andika kwa afisa masuuli

Afisa masuuli ni mtendaji mkuu wa taasisi, anayewajibika kwa fedha zake. Si kwa afisa ununuzi, si kwa diwani, si kwa mkuu wa wilaya. Kwa halmashauri, afisa masuuli ni mkurugenzi. Kwa sekretarieti ya mkoa ni katibu tawala wa mkoa. Wasilisha kupitia NeST, ambako saa na tarehe hubaki kwenye kumbukumbu.

Kurasa mbili zinatosha. Taja namba na jina la zabuni, tarehe uliyopokea notisi, kisha hoja moja moja. Ile ya greda ningeiandika hivi leo:

“Notisi inasema hatukuthibitisha kuwa na greda. Kigezo cha mitambo katika nyaraka za zabuni kinaruhusu mtambo wa kumiliki au wa kukodi. Tuliambatisha mkataba wa kukodi greda pamoja na kadi ya usajili wa mtambo. Kwa hiyo tulikidhi kigezo hicho. Tunaomba uamuzi wa kutuondoa utenguliwe na tathmini irudiwe.”

Soma sentensi ya mwisho tena. Malalamiko mengi niliyopelekewa niyapitie yanalia kurasa nne bila kusema yanaomba nini. Omba kitu mahsusi.

Kuna watakaokuambia ukilalamika hutapata kazi tena, maana miji yetu ni midogo na wote tunajuana. Hofu hiyo naielewa, nimeishi nayo. Nilichokiona ni kwamba barua yenye adabu na vipengele huchukuliwa kama barua ya kazi. Kinachoharibu ni kumtukana mtu kwa jina.

Hatua ya tano: nenda rufani

Afisa masuuli naye ana siku tano za kazi kutoa uamuzi wa maandishi, na wakati huo mkataba hausainiwi. Akikukatalia, au akikaa kimya muda wake ukaisha, una siku nyingine tano za kazi kukata rufani Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, PPAA. Kuna ada, na bila kuilipa rufani yako haisikilizwi, kwa hiyo omba namba ya kumbukumbu ya malipo mapema. Ukikuta mkataba umeshasainiwa, usirudi kwa afisa masuuli. Malalamiko yanakwenda PPAA moja kwa moja.

PPAA inapaswa kuamua ndani ya siku 40. Inaweza kutengua uamuzi, kuagiza tathmini irudiwe, au kuamuru ulipwe fidia. Maamuzi yake ya nyuma yako kwenye tovuti yake, mengi kwa Kiingereza. Tafuta matatu yanayofanana na shauri lako, uone ni hoja zipi zilisimama na zipi zilianguka kwa kuchelewa.

Usiporidhika na PPAA, kinachobaki ni kuomba Mahakama Kuu iupitie uamuzi huo. Hapo tafuta wakili, na umkabidhi lile kaunta buku pamoja na notisi yenye tarehe.