Somo: Kumtambua Dendronephthya Kabla Hajafa Njaa

Wengi hulinunua Dendronephthya, tumbawe laini la kufugwa kwenye tangi la maji ya bahari, kwa uzuri wa rangi, kisha hulitazama likikonda mpaka likaisha. Langu la kwanza lilikwenda hivyo, nami nilidhani limelala tu. Naomba msirudie.

Hatua ya 1. Hesabu minyiri (vimikono vya kukamatia chakula) ya polipu moja, yaani kijinyama kimoja kati ya vingi vinavyounda tumbawe. Kila polipu ya tumbawe laini ina minyiri 8, kila mmoja una vijitawi pembeni kama unyoya. Halafu tazama rangi. Nephthea, tumbawe laini jingine, hufanana nalo kwa umbo, ila ni la kahawia au kijani kwa sababu mwilini mwake wanaishi mwani wanaolilisha kwa nguvu ya mwanga. Dendronephthya ni jekundu, la machungwa au zambarau. Shina lake hupitisha mwanga, na ndani unaona vijiti vya chokaa. Ukiligusa linakwaruza. Scleronephthya, jingine linalofanana nalo, ni nyororo zaidi.

Hatua ya 2. Chagua lililoshika jiwe lake. Shina lililokatwa likaanza kuoza chini, usilinunue.

Hatua ya 3. Liweke penye mkondo mkubwa usiokatika, hata likining'inia chini ya jabali. Joto nyuzi 24 hadi 26, uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji matamu 1.025.

Hatua ya 4, ndiyo kazi yenyewe: chakula. Halina mwani wa kulilisha. Mwaka 1995, watafiti wa Bahari ya Shamu walionyesha kwamba Dendronephthya hemprichi hula hasa fitoplanktoni, yaani mwani wadogo sana wanaoelea majini. Kwa hiyo mlo mmoja kwa siku hautoshi. Tumia pampu ya matone, inayodondosha chakula kidogo kidogo, usiku na mchana, kwa chembe ndogo sana. Chakula hicho hicho huchafua maji, basi pima naitreti na fosfeti mara kwa mara, ubadilishe maji bila uvivu.

MASWALI

Mwalimu, nikiongeza taa?
Haitasaidia, ndugu yangu. Mwanga haulishi tumbawe lisilo na mwani, na mwani wa kwenye mawe utalivamia.

Langu husinyaa mchana, usiku linavimba. Linakufa?
Hapana. Kusinyaa na kuvimba ni kawaida yake. Ogopa likikaa limesinyaa siku nyingi, au kila likivimba ni dogo kuliko mwanzo.

Mimi ndiyo kwanza naanza, tangi lina miezi mitatu.
Dada, anza na Sarcophyton, tumbawe laini jingine. Lina mwani wake na huvumilia makosa. Hili lingine liache baharini kwa sasa.