Mgeni Montreal: lugha utakayojibu ndiyo utakayohudumiwa

Dukani Montreal, jiji la jimbo la Quebec nchini Canada, utasikia "Bonjour-Hi", yaani salamu ya Kifaransa na ya Kiingereza kwa pamoja. Hapo unapewa nafasi ya kuchagua lugha. Ukijibu kwa Kifaransa kisha ukakwama, muuzaji mara nyingi atahamia Kiingereza ili akurahisishie, wala si dharau. Ukitaka kujizoeza, tangulia kusema "En français, s'il vous plaît" (kwa Kifaransa, tafadhali).

Kwa aliyesoma Kifaransa cha Kongo au Burundi, penye mtego ni namba. 70 huko Montreal ni "soixante-dix" (sitini na kumi), si "septante", na 90 ni "quatre-vingt-dix", si "nonante". Namba za simu huharibika hapa: ukisikia "soixante" unaandika 6 kabla mwenzako hajamaliza, kumbe alikuwa anaelekea 72, "soixante-douze" (sitini na kumi na mbili). Ngoja jozi nzima ikamilike, andika, kisha msomee.

Milo nayo: "déjeuner" ni kifungua kinywa, "dîner" cha mchana, "souper" cha jioni. Aliyefundishwa Kifaransa cha Ufaransa akialikwa "dîner" anaweza kufika saa moja usiku, sufuria zimeshaoshwa. Uliza saa. Ukisema "merci" utajibiwa "bienvenue", sawasawa na "karibu" yetu baada ya asante.

Kiingereza kitakutosha mtaani, lakini si ofisini. Kwa sheria ya mwaka 2022, serikali ya Quebec kwa kawaida humwandikia mhamiaji kwa Kifaransa pekee baada ya miezi 6 ya kwanza, isipokuwa mambo kama afya na usalama. Jiandikishe mapema Francisation Québec, huduma ya serikali ya kufundisha Kifaransa. Masomo ni bure, na yapo ya mtandaoni.