Jinsi ya Kulinganisha Wilaya za Arusha na Kilimanjaro kwa Idadi ya Wakazi Wenye Shahada

Kila halmashauri inapoandaa bajeti, na kila uchaguzi unapokaribia, huzuka madai kuhusu wilaya ipi ina wasomi wengi na ipi imeachwa nyuma. Madai hayo yanaweza kupimwa, na kazi yenyewe haihitaji zaidi ya majedwali ya sensa, kikokotoo na subira. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya diwani, afisa mipango, mwandishi wa habari, na mwanafunzi anayeandika tasnifu, yaani mtu anayetaka kusema neno kuhusu Hai, Same, Karatu au Longido na awe na uwezo wa kulitetea mbele ya watu wa huko. Jambo moja liwekwe wazi tangu mwanzo: asilimia ya wenye shahada katika wilaya hueleza kwanza mahali wasomi wanapoishi, na ni kwa mbali tu inapoeleza jinsi wilaya hiyo ilivyosomesha watoto wake. Anayelisahau hilo atafikia hitimisho potofu hata kama hesabu yake haina kosa.

Amua nani ni mtu mzima, na shahada ni ipi

Kisheria mtu mzima ni mwenye miaka 18, lakini umri huo haufai kwa kazi hii. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 7 humaliza darasa la saba akiwa na miaka 13 au 14, kidato cha nne akiwa na miaka 17 au 18, kidato cha sita akiwa na miaka 19 au 20, na shahada ya miaka mitatu akiwa na miaka 23 au zaidi. Anayesomea udaktari wa binadamu huongeza miaka miwili darasani na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Ukianza kuhesabu kwenye miaka 18, unaingiza katika asili ya sehemu yako, yaani namba ya chini unayogawanya nayo, vijana wengi ambao hawajapata hata muda wa kumaliza chuo kikuu, na wilaya yenye vijana wengi itaonekana haikusoma. Kwa sababu hiyo nchi nyingi, Marekani ikiwa mojawapo, hupima elimu ya watu wazima kuanzia miaka 25. Tumia umri huohuo.

Kuhusu shahada, hesabu shahada ya kwanza, ya uzamili na ya uzamivu, kisha uache nje astashahada na stashahada. Ugumu uko kwa wenye stashahada ya juu ya zamani, iliyokuwa ikitolewa na vyuo kama Chuo cha Uhasibu Arusha kabla havijaanza kutoa shahada, kwa kuwa wengi waliitumia kazini pale ambapo leo hudaiwa shahada. Uamuzi wowote utakaoufanya unakubalika, mradi uuandike na uutumie kwa wilaya zote.

Soma pia kichwa cha safu katika jedwali kabla ya kunakili tarakimu yoyote. Kuna majedwali yanayoweka chuo kikuu pamoja na elimu nyingine inayofanana nacho, na kuna yanayohesabu kiwango alichofikia mtu bila kujali kama amehitimu, hivyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi anaingia kundi moja na profesa wake. Kikomo cha miaka 25 huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, ingawa si lote. Ukumbuke vilevile kwamba karani wa sensa, hata akiwa na kishikwambi kama ilivyokuwa mwaka 2022, huandika anachoambiwa na mkuu wa kaya. Baba anayesema kuwa binti yake “amemaliza chuo” anaweza kuwa na maana ya shahada ya Chuo Kikuu cha Makumira au cheti cha chuo cha ualimu cha Marangu, na karani asipouliza swali la pili tofauti hiyo haitaonekana kamwe.

Hakikisha unalinganisha eneo lilelile

Arusha ni mkoa, ni jiji, na pia ni halmashauri ya wilaya iliyo nje ya jiji hilo. Wilaya ya Arumeru ina halmashauri mbili, ile ya Arusha na ile ya Meru. Wilaya ya Moshi nayo ina Manispaa na Halmashauri ya Wilaya ambayo wengi huiita Moshi Vijijini. Ukichukua tarakimu ya mkoa ukaiita ya jiji, au ukajumlisha Manispaa na vijiji vya Kibosho bila kusema, msomaji hatakuwa na njia ya kukusahihisha. Mfano mmoja hupotosha wengi: Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, pamoja na Makumira na Chuo Kikuu cha Arusha vilivyoko Usa River, hutajwa kama vyuo vya Arusha, ilhali vyote vimo ndani ya Halmashauri ya Meru, na wahadhiri wanaoishi jirani navyo huhesabiwa Meru.

Mipaka nayo imebadilika. Hadi mwaka 2002 Mkoa wa Arusha ulikuwa pamoja na Babati, Hanang, Mbulu, Kiteto na Simanjiro, ambazo sasa ni za Manyara. Longido ilitoka Monduli, na Siha ilitoka Hai. Anayechukua Arusha ya sensa ya 1988 na kuilinganisha na Arusha ya 2012 analinganisha mikoa miwili tofauti yenye jina moja. Ukitaka kwenda nyuma kiasi hicho, unganisha upya wilaya zilizogawanywa ili pande zote mbili zipate ardhi ileile, au uache kabisa kulinganisha miaka.

Mahali pa kupata takwimu

Kwa ngazi ya halmashauri, chanzo cha kutegemea ni sensa, na ya karibuni ni ile iliyohesabu watu waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, walipopatikana watu 61,741,120. Ripoti zake ziko kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Tafuta jedwali linaloonyesha kiwango cha elimu kwa umri na jinsia katika kila halmashauri; usipoliona, andika barua kwa meneja wa takwimu wa mkoa ukieleza wazi safu unazotaka. Tafiti za sampuli, kama ule wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18, ni nzuri kwa taifa na kwa mkoa, lakini kaya zilizohojiwa katika wilaya moja ni chache mno kubeba asilimia ya kundi dogo kama wenye shahada. Usizitumie kulinganisha Mwanga na Rombo.

Piga hesabu mara mbili

Hesabu ya kwanza ni rahisi. Kiasi ni wakazi wa miaka 25 na zaidi wenye shahada, asili ni wakazi wote wa umri huo, na jibu huzidishwa kwa 100. Tatizo ni kwamba jibu hilo hutegemea sana umri wa wakazi. Kizazi kilichozaliwa miaka ya 1950 kilikuta nchi yenye chuo kikuu kimoja, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1961 na wanafunzi wachache sana wa sheria, na baada ya Azimio la Musoma la 1974 waliomaliza kidato cha sita walitakiwa kufanya kazi kwanza kabla ya kujiunga nacho. Vyuo vikuu binafsi vilianza kuenea katika miaka ya 1990, na Bodi ya Mikopo ikaanza kazi mwaka 2005. Kwa hiyo wilaya iliyobaki na wazee wengi itakuwa na asilimia ndogo hata kama vijana wake wanasoma kuliko wa jirani.

Tazama mfano wa kubuni wa halmashauri mbili, kila moja ikiwa na watu wazima 40,000. Halmashauri A, ya mlimani, ina watu 12,000 wa miaka 25 hadi 44, ambao asilimia 10 wana shahada, yaani watu 1,200. Na ina watu 28,000 wa miaka 45 na zaidi, ambao asilimia 2 wana shahada, yaani watu 560. Jumla ni 1,760, sawa na asilimia 4.4. Halmashauri B, ya mjini, ina vijana 28,000 wenye asilimia 9, yaani watu 2,520, na wakubwa 12,000 wenye asilimia 1.5, yaani watu 180. Jumla ni 2,700, sawa na asilimia 6.75. Katika hesabu ya jumla B imeshinda kwa mbali, ilhali A imeitangulia kwa vijana na kwa wakubwa pia.

Hesabu ya pili huondoa kiini macho hicho. Chagua mgawanyo mmoja wa umri kwa wote, kwa mfano wa halmashauri zote zikijumlishwa. Katika mfano wetu vijana wa pande zote mbili ni 40,000 na wakubwa ni 40,000, yaani nusu kwa nusu. Ukitumia mgawanyo huo, A inapata asilimia 6 (nusu ya 10 jumlisha nusu ya 2) na B inapata asilimia 5.25 (nusu ya 9 jumlisha nusu ya 1.5). Chapisha majibu yote mawili: la kwanza humfaa mwajiri anayetafuta wafanyakazi, la pili humfaa anayetaka kujua kama elimu imewafikia watu. Gawanya pia wanawake na wanaume, kwa kuwa tofauti kati ya bibi na mjukuu wake wa kike huwa kubwa kuliko tofauti kati ya wilaya na wilaya.

Uliza walikoenda, na walikotoka

Hapa ndipo ulinganisho mwingi wa kaskazini unapokwama. Sensa humhesabu mtu alipolala. Mhandisi aliyezaliwa Mkuu Rombo na anayeishi Kimara ni msomi wa Dar es Salaam katika majedwali, ingawa ada yake ililipwa kwa kahawa na ndizi za kihamba cha baba yake. Laiti sensa ingefanyika wiki ya Krismasi, wakati mabasi ya kupanda kaskazini hayana nafasi na njia za Marangu na Kibosho zimejaa magari ya waliorudi nyumbani, safu ya shahada ya wilaya za Kilimanjaro ingebadilika kabisa. Sitanii: Agosti na Desemba ni nchi mbili tofauti huku kwetu.

Kinyume chake, Jiji la Arusha huvuta wasomi waliosomeshwa kwingine, kwa ajili ya makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na kampuni za utalii. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa bado inafanya kazi sensa ya 2012 ilipopita, na ilifungwa mwishoni mwa 2015. Anayelinganisha sensa ya 2012 na ya 2022 akumbuke kwamba sehemu ya wakazi wenye shahada waliondoka na kazi yao. Huko Longido na Ngorongoro, baadhi ya wenye shahada ni walimu, madaktari na watumishi wa halmashauri waliopangiwa kazi kutoka mikoa mingine, na katika kata yenye watu wazima wachache uhamisho wa watumishi wanne au watano unaweza kusogeza asilimia kwa kiasi cha kuonekana.

Dawa yake ni kutafuta majedwali ya mahali pa kuzaliwa, ili uone wenye shahada waliozaliwa Kilimanjaro wako mkoa gani sasa. Wengine hukimbilia matokeo ya kidato cha nne na cha sita kama kipimo mbadala, lakini nayo yana mtego wake, kwani shule za bweni kama Ilboru hupokea wanafunzi wa nchi nzima.

Sababu huja mwisho

Ukishapata tofauti halisi, ndipo uzungumzie sababu, na uziweke katika muda wake. Mteremko wa Kilimanjaro ulipata shule za misheni mapema, Walutheri wa Leipzig wakifika mwaka 1893, na ushirika wa kahawa ulioanza mwaka 1925 na kuwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933 uliwapa wakulima fedha za ada. Katika nyanda za wafugaji shule zilikuwa mbali na maboma, na watoto wa kike walichelewa zaidi. Hata hivyo, angalia ndani ya wilaya moja kabla ya kusema juu ya wilaya nzima: Kibosho na Kahe ziko Moshi Vijijini zote, ilhali historia zake hazifanani, na Same ina milima na tambarare.

Kuhusu sera, piga hesabu ya miaka. Mtoto wa shule ya kata aliyeanza kidato cha kwanza mwaka 2006 alimaliza kidato cha nne 2009, cha sita 2012, na shahada mwaka 2015 ikiwa hakukwama popote. Sensa ya 2012 haikuweza kumwona, ya 2022 ilimwona. Aliyeanza kidato cha kwanza Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, alimaliza kidato cha sita 2022. Yeyote anayetumia sensa hiyo kusifu au kulaumu elimu bila ada kwa idadi ya shahada hajaangalia kalenda.

Unapoandika

Sentensi moja ibebe umri, eneo, tarehe na aina ya elimu: “Kati ya wakazi wa miaka 25 na zaidi waliohesabiwa katika Halmashauri fulani usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, asilimia kadhaa walikuwa na shahada ya kwanza au zaidi.” Ikiwa asilimia imetoka 2 hadi 4, sema imetoka 2 hadi 4, anayeandika kwamba imepanda kwa asilimia 2 na anayeandika kwamba imepanda kwa asilimia 100 watagombana bure juu ya tarakimu zilezile. Ukichora ramani ya rangi, Ngorongoro yenye zaidi ya kilometa za mraba 14,000 itajaza ukurasa, na Manispaa ya Moshi, isiyofika kilometa za mraba 100, itakuwa nukta, ingawa ndiko wenye shahada walikosongamana. Weka duara juu ya kila halmashauri, ukubwa wake ulingane na idadi ya watu wazima, na rangi yake ioneshe asilimia.