Kutuma karatasi za kukubali nafasi chuo cha kijeshi Marekani, ukiwa Kakamega

Kijana wangu alipoitwa chuo cha kijeshi Marekani, bahasha ya kwanza iliondoka Kakamega na kosa langu ndani yake. Wazazi wenzangu, nawaandikia ili yenu iende mara moja tu.

Anza na chanjo, kabla hata hujashika kalamu. Fomu ya daktari ilitaka dozi mbili za chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, na kati ya dozi hizo lazima zipite siku 28. Kadi ya kliniki ya mwanangu nimeitunza tangu azaliwe, kwa hiyo nilienda nayo kifua mbele. Muuguzi akaifungua, akaweka kidole kwenye mstari wa surua, akaniambia, "Mama, hii ni surua peke yake. Matumbwitumbwi haipo." Na kweli, chanjo hiyo haimo katika ratiba ya serikali ya watoto wetu. Itafute hospitali ya kibinafsi, na upige simu kwanza kuuliza kama wanayo. Uliza pia ya uti wa mgongo na kipimo cha TB, usije ukapanda matatu mara tatu kwa jambo moja. Kadi yenyewe usiitume kamwe. Toa nakala, kisha daktari aandike tarehe zote kwenye fomu ya chuo, atie sahihi na muhuri.

Sasa kosa langu. Wamarekani huandika mwezi kwanza. Mwanangu alizaliwa tarehe 7 Machi, nami nikajaza 07/03 kama tulivyozoea. Kule wakasoma tarehe 3 Julai, na pasipoti inasema Machi. Tukajaza fomu upya na kulipia posta mara ya pili, siku za mwisho zikiwa zinatukimbia. Nafasi ikikuruhusu, andika mwezi kwa jina lake.

Majina yafuate pasipoti, herufi kwa herufi. Watoto wetu wengi wana majina matatu kwenye cheti cha kuzaliwa na mawili kwenye cheti cha KCSE, au yamepinduliwa. Nenda kwa wakili aliye kamishna wa viapo, akuandikie hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, uiambatanishe.

Kama chuo kinataka matokeo ndani ya bahasha iliyofungwa na shule, mwombe katibu wa shule agonge muhuri pale kifuniko kinapokutana na bahasha, nusu huku, nusu huku. Ukishaipokea usiifungue, hata kama moyo unakusukuma uangalie. Mtoto akiwa hajatimiza miaka 18, tafuta kila mahali panapodai sahihi ya mzazi.

Ukichapisha fomu saiba, mwambie kijana wa pale aipunguze itoshee ukurasa. Karatasi ya Marekani ni fupi kuliko A4 yetu lakini ni pana kidogo, na maneno ya pembeni hukatika.

Anwani iandike kama ilivyo kwenye barua ya chuo, bila kufupisha. Chukua Chuo Kikuu cha Norwich, chuo cha kijeshi kilichoanzishwa mwaka 1819: kiko Northfield, Vermont, na namba yake ya posta ni 05663. Sifuri ile ya mbele ni sehemu ya namba, usiiache. Mstari wa mwisho uwe USA. Upande wa mtumaji weka S.L.P. yako, 50100 Kakamega, na simu inayoanza na +254.

Kabla ya kuziba, piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma. Posta omba EMS, yaani huduma yao ya kutuma kwa haraka, maana tarehe ya mwisho ya chuo kwa kawaida ni siku ya karatasi kufika, si siku ya kuzituma. Mimi mara ya pili nilijipa wiki tatu nzima. Risiti itakuwa na namba ya herufi na tarakimu, 13 kwa jumla, inayoanza na E na kuishia na KE. Namba hiyo hiyo utaifuatilia hata kwenye tovuti ya posta ya Marekani, mzigo ukishaingia kwao.

Ikionyesha imepokelewa, mtoto awaandikie ofisi ya udahili barua pepe siku hiyo hiyo, ataje kila karatasi kwa jina lake, na aombe wajibu ipi wameiona na ipi bado.