Filta za imeli: jinsi ya kuzipanga zisikumezee oda

Kama unauza dagaa na mawese hapa Kigoma na wateja wako wako Dar au Bujumbura, inboksi yako naijua, oda imebanwa kati ya matangazo ya hoteli na taarifa za benki, unaskroli mpaka bando linakata. Filta, yaani maagizo unayoipa programu ya imeli ipange yenyewe imeli zinazoingia, zinasaidia sana, ila ukizipanga ovyo zinaficha imeli ya mteja na hutajua mpaka apige simu kachukia. Mi naona bora inboksi chafu kuliko oda iliyopotea, kwa hiyo filta mpya usiipe kazi ya kufuta kabisa. Iambie iweke lebo tu, iangalie wiki moja mbili inakamata nini, ukiridhika ndo uiruhusu ihamishe.

Sasa masharti, hapa ndo watu wengi wanakwama. Kwenye Thunderbird, ile programu ya kusomea imeli kwenye kompyuta, ukiandika kichwa cha habari kiwe na "oda", programu inatafuta hizo herufi popote zilipo, hata katikati ya neno lingine, kwa hiyo imeli yenye kichwa "Malipo ya bodaboda Kibirizi" nayo inaingia folda ya oda maana ndani ya bodaboda kuna oda, tena mara mbili. Gmail haifanyi hivyo, yenyewe inatafuta neno zima. Dawa ni kuongeza sharti la pili, anwani ya mteja au ile sehemu ya kampuni inayokuja baada ya @, halafu uchague masharti YOTE yatimie. Ukichagua YOYOTE, yaani likitimia moja tu inatosha, kila imeli ya huyo mteja itaingia humo hata kama anakutakia Idi njema.

Halafu mpangilio. Thunderbird inasoma filta zako toka juu kushuka chini, so zile za watu muhimu zikae juu, na mwisho wa kila moja weka kitendo cha kusimamisha filta zinazofuata, la sivyo ile ya chini ya matangazo inaweza kuja kuigusa imeli ambayo ushaihifadhi vizuri. Kwenye Gmail huna huo mpangilio, filta zote zinazolingana na imeli zinafanya kazi, kwa hiyo hakikisha mbili hazigongani, moja inasema weka lebo nyingine inasema futa. Ikifutwa inakaa kwenye taka siku 30 tu, baada ya hapo imekwenda, huirudishi.

Kitu kingine watu hawakijui, filta za Thunderbird ziko kwenye kompyuta yako, si kwenye seva, ile kompyuta ya mtandaoni inayotunza imeli zako. Laptopu ikizimwa, umeme umekata au umesafiri Kasulu, hazifanyi kazi, na kwenye simu utakuta kila kitu kimerundikana inboksi. Za Gmail ziko kwenye seva zinafanya kazi muda wote, ila kuzitengeneza fungua Gmail kwenye brauza ya kompyuta, maana app ya simu haina hiyo sehemu. Na kama imeli ya ofisi yenu iko kwenye seva yenu wenyewe, muulize fundi kama ina Sieve, ni lugha ya kuandikia filta za kwenye seva, kiwango chake kilitoka 2001 kikaboreshwa 2008, na naipenda kwa jambo moja, imeli isiyoguswa na sharti lolote inabaki inboksi, haipotei kimyakimya. Programu zote zingetakiwa kuwa hivyo kwa kweli.

Kuforwadi kwa filta nako kuwe na mipaka, usitume kila kitu kwa mhasibu, tuma ankara tu. Gmail inaforwadi imeli zinazoingia baada ya filta kuwekwa, za nyuma itabidi umtumie mwenyewe kwa mkono.

Na kwa wateja wakubwa, kwenye Gmail tengeneza filta ya anwani zao tu, uweke tiki kwenye isipelekwe spamu kamwe. Hiyo ifanye leo kabla ya zote.